Maneno Yaliyoangukia Mdomo wa Mwongo

Aliyeshuka kwenye lori la sinema hakuwa Placide.

Nyirakamana alilijua hilo kabla mlango haujafunguka sawasawa. Placide hutanguliza mguu, kisha kofia, kisha kicheko. Huyu alitanguliza begi. Alikuwa kijana mwembamba mwenye shingo ndefu, shati limelowa mgongoni, na macho ya mtu aliyetumwa kumtafuta fulani katika mji asioujua. Akasimama mbele ya ghala la pamba la mji wa Baraka, akawatazama akina mama waliokuwa wakianua muhogo kwa sababu ya manyunyu, akalitazama ziwa, kisha akageuka tena kutazama ndani ya lori, kama vile huko kuna mtu angemwambia aanzie wapi.

"Dada, hii maziwa ni ya kuuza?"

"Ni ya kuuza." Nyirakamana alikuwa ameshika kibuyu kwa mikono miwili. "Na ule mwingine iko wapi?"

"Mwingine gani?"

"Ule wa kusema. Ule anaelezaka sinema."

Kijana akainama akafunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka. "Leo ni mi nitaeleza. Naitwa Eugène."

"Sikuuliza jina yako. Niliuliza iko wapi."

"Hakukuja," akasema, akabeba sanduku la mashine na kuondoka haraka, bila kunywa maziwa aliyokuwa ameyaulizia.

Miezi minne Nyirakamana alikuwa ameisubiri siku hiyo. Sasa siku ilikuwa imefika, na ilikuwa na neno moja tu, "hakukuja". Hata hakupata nafasi ya kulia, kwa maana kaka yake Bizimana alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara, fimbo begani, akiona kila kitu.

Akavuka. Alikuwa mrefu, mpole wa sauti. Ingekuwa rahisi zaidi kama angekuwa mkatili. Msichana angemchukia na mambo yangekwisha. Lakini Bizimana ndiye aliyemleta Baraka kuuza maziwa na siagi ya ng'ombe wa baba yao, ndiye aliyemkesha alipougua malaria ya huku chini, na hakuwahi kumpiga hata kofi.

"Umeona?" akauliza.

"Nimeona, yaya," akajibu, kama kwao wanavyomwita kaka mkubwa.

"Tulisema nini?"

"Unajua tulisema nini."

"Nataka kusikia kwa mdomo yako."

"Kama hakukuja na hii lori, kesho asubuhi tunapanda mlima mpaka Minembwe. Nitamukubali Gisaro anioe."

"Gisaro si muntu mubaya."

"Sikusema ni mubaya."

"Anasali. Iko na ng'ombe yake, iko na nyumba. Na baba, Mzee Sebineza, ameshamupa neno. Ule wa sinema anakupa nini? Muntu anakodisha mdomo, Nyirakamana. Leo anasemea daktari, kesho anasemea mulevi. We utajuaje siku anajisemea yeye mwenyewe?"

Swali hilo Nyirakamana alikuwa amejiuliza mwenyewe usiku mwingi.

"Unipe hii jioni tu," akasema. "Nisikilize mara ya mwisho. Nitakaa nyuma ya kitambaa, kama siku zote."

Bizimana akashusha fimbo. "Kama siku zote? We ulikuwaka unakaa pale?"

Msichana akatazama vidole vya miguu yake.

"Pasteri akijua atatutoa kwa ushirika, mi na we. Sawa. Mi nitasimama kule kwa barabara na kandili. Sitatazama hata kidogo. Mashine ikizimwa tu, tunaenda."

"Ikizimwa tu, yaya."

Hivi ndivyo ilivyoanza, miaka miwili nyuma. Kwao, watu wa mlimani wenye dini kali, sinema ilikuwa mambo ya shetani, na binti hakuthubutu kuketi mbele ya kitambaa mahali anapoonekana. Kwa hiyo aliketi nyuma yake, kwenye majani, peke yake. Kutoka nyuma picha zinaonekana vilevile, ila zimegeuka. Ilikuwa filamu ya kunawa mikono. Yule mwenye kusema, aliyesimama ubavuni mwa kitambaa na kipaza sauti chake, alimwona. Bobini ilipokuwa ikibadilishwa, maana filamu hufungwa kwenye magurudumu yanayoitwa bobini na kila moja ikiisha lazima mashine isimame, alimwinamia akanong'ona: "Dada, huko nyuma watu wote wanatumia mkono wa kushoto. Usije ukawaiga."

Alicheka. Ndivyo alivyoanza kumpenda Placide, kwa kicheko alichokizuia kwa kiganja.

Baada ya hapo lori lilikuwa likija kila baada ya miezi minne. Na Pasaka ya mwaka huu, mwaka wa hamsini na saba, injini ikiwa tayari inanguruma na dreva akipiga honi, Placide aliacha mguu mmoja chini, akasema neno lake: "Ukinitazama hivi, ninasahau barabara ya Uvira." Halafu lori likamchukua kuelekea huko huko Uvira. Nyirakamana alibaki na sentensi hiyo kama mtu aliyeachiwa mtoto mchanga mikononi. Aliilaza, akaiamsha, akaibeba kila mahali. Hakumwambia mtu yeyote.

Jua lilipozama nyuma ya milima, Eugène akawasha mashine.

Tangu mwanzo mambo yalikwenda vibaya. Hiyo haikuwa filamu ya kunawa mikono wala ya kuwinda tembo. Ilikuwa filamu ya kuchekesha kuhusu watu wanaotengeneza filamu: tajiri mnene mwenye sigara kubwa, anayepiga kelele kwenye tarumbeta, mwigizaji mashuhuri mwenye nywele za kubandika, mwanamke anayepakwa kitunguu machoni ili alie, simba ambaye ni mtu aliyevaa ngozi, na ambaye anavua kichwa ili ale mkate. Huko ilikotoka, bila shaka watu walivunjika mbavu. Baraka walikaa kimya.

"Huyu amekufa," akasema Mama Constance, muuza ndagala, dagaa wa ziwani, kwa sauti ya kuwafikia wote. "Ameamka. Amekufa tena. Ni muchawi ao ni muvivu?"

"Mama, wanarudilia," Eugène akaeleza kwenye kipaza sauti. "Hawa ni batu banatengeneza sinema. Kama kufa hakukwenda vizuri, wanarudilia."

"Kufa hakukwenda vizuri namna gani?"

Watu wakacheka, lakini walimcheka yeye, si filamu. Halafu mzee Alphonse, katekista mstaafu, akasimama polepole katikati ya watu.

"Kijana. Ule mama wa sinema ya mwaka jana, ule aliyekufa kwa sababu ya nzi kwa chakula. Naye alikuwa anarudilia?"

Eugène akakohoa. "Ndiyo, mzee. Naye."

"Kwa hiyo hakufa."

"Hapana."

"Mi nilimuombea siku tisa," akasema mzee, na akaketi kama mtu aliyeibiwa.

Nyuma ya kitambaa, Nyirakamana aliacha kutazama picha. Naye alikuwa amemlilia mama yule. Na aliyemliza hakuwa mama. Ilikuwa sauti ya Placide, iliyotetemeka mahali panapostahili. Aliitetemesha mara ngapi? Mboko, Kazimia, Fizi, kila mahali akitetemesha pale pale?

Ikaja bobini ya tatu, Eugène akisoma kwenye kaye, daftari lenye jalada la bluu. Watu walianza kufurahi, maana mzee mmoja mnyonge ambaye kazi yake ilikuwa kumshikia mwigizaji mwanamke mwavuli alikuwa anaongea kama mhuni wa baa, na hilo liliwachekesha. Ikaja ya nne. Yule mwigizaji mwenye nywele za kubandika akaketi kwenye benchi na msichana, akamshika kidevu, huku jicho lake moja likitazama saa ukutani. Tajiri akapiga tarumbeta. Msichana akaondoka, akaletwa mwingine, kidevu kikashikwa vilevile, jicho likatazama saa vilevile.

Na kipaza sauti kikasema, Baraka nzima ikisikia:

"Ukinitazama hivi, ninasahau barabara ya Uvira."

Kicheko kilipasuka kama ngoma. Mzungu mwenye nywele bandia amesahau barabara ya Uvira! Wanaume walipigana mabega. "Apitie Mboko!" mmoja akapaza sauti. "Akifika kwa mto aulize!" Mama Constance alijifuta machozi kwa kitenge. Msichana wa tatu akaletwa kwenye benchi, na watu, wakiwa wameshalijua neno, wakalisema wenyewe kwa pamoja kabla Eugène hajafungua mdomo. Kaye ilikuwa na mistari mingine, lakini nani angeisikia? Eugène akaiacha.

Naye Nyirakamana akacheka. Alicheka kwa nguvu, kichwa nyuma, zaidi ya wote, mpaka Eugène ubavuni mwa kitambaa akageuka akamtazama, na uso wa kijana ukasawijika.

Saa mbili haijafika, uwanja ulikuwa mtupu. Manyunyu yalikuwa yamerudi. Eugène alikuwa nyuma ya lori akirudisha filamu kwenye makopo yake alipomwona msichana amesimama mbele yake.

"Nani alikupa yale maneno?"

"Yapo kwa kaye."

"Kaye ya nani?"

"Dada, uende tu nyumbani. Ulicheka. Nilikuona."

"Nilicheka ili Baraka isinione nikilia!" Sauti yake ilipasuka. "Nilitaka nikutane naye nimuulize jambo moja tu. Yale maneno alianza kuyasema wapi? Kazimia? Fizi? Ni wa ngapi mi, kwa ile benchi?"

Eugène alikuwa ameshika kopo mkononi. Akataka kujibu, halafu akaliinua karibu na macho. Mfuniko ulikuwa na namba tatu. Filamu iliyokuwa ndani, kwenye mkia wake, iliandikwa nne.

"Mungu wangu," akasema.

"Nini?"

"Pale Mboko mvua iliingia kwa sanduku. Nilifungua makopo yote nikapanguza. Nilirudisha mifuniko..." Akaketi kwenye ubao wa lori. "Dada, ya tatu na ya nne nilizichanganya mifuniko, nikasomea picha moja maneno ya nyingine. Na hii filamu haina kichwa wala miguu, ningejuaje? Yale maneno hayakuwa ya ule mwongo. Yalikuwa ya ule mzee wa mwavuli."

"Sielewi."

"Kwa filamu yenyewe, mzee wa mwavuli anampenda mwanamke anayeshona nguo za waigizaji. Hakuna anayempiga picha. Wakati wa chakula anakwenda kwake, anamwambia la moyoni, mara moja tu. Placide aliona hiyo sehemu, akaamua, hapo ndipo nitaweka maneno yangu mwenyewe. Filamu ilifika Uvira mwezi jana, dada. Mwezi jana tu. We alikuambia lini?"

"Pasaka," akanong'ona Nyirakamana.

"Basi umejibiwa."

Mvua ilikuwa ikipiga turubai. Msichana akajishika kwenye mlango wa lori.

"Kwa nini hakukuja mwenyewe?"

Eugène akasugua shingo yake ndefu. "Alinikataza kusema. Aliniandikia: akinyamaza, umtafute, akicheka, umwache, usimwambie chochote, atakuwa ameshasahau. Lakini hukucheka kwa haki, kwa hiyo nami nitasema. Iko hospitali, kule Usumbura, ng'ambo ya ziwa. Ilikuwa uvimbe kwa koo. Walipasua wakautoa, anapona, anakula uji. Lakini sauti hapana. Dakitari amesema haitarudi. Mi ni yeye alinifundisha kazi, kwa kuandika, kitandani, wiki tatu."

Nyirakamana hakulia. Alijaribu kumfikiria Placide bila sauti na hakuweza. Ilikuwa kama kufikiria ziwa bila maji.

"Angeniandikia barua."

"We unasoma?"

Akatikisa kichwa.

"Yeye alijua. Barua ingesomwa na kaka yako. Aliandika, sikio lake ndilo nalijua, linakaaka nyuma ya kitambaa."

"Na maneno mengine? Kwa kaye iko mistari mingine?"

"Iko."

"Yasome."

Eugène akafungua kaye, akaifunga. "Hapana, si hivyo. Nilimuahidi yatakufikia kwa mdomo wa ule mzee. Yeye aliyapima na midomo yake, neno kwa neno. Ni kitu kidogo tu alichoomba." Akaitazama mashine iliyokuwa bado inatoa moshi mwembamba. "Lakini taa bado ya moto. Taa ya mashine ikiwa moto haiwashwi tena, inakufa. Na hakuna nyingine mpaka Uvira. Kesho niko Fizi, mbele ya bwana wa teritware, mkubwa wa serikali, na wageni wake. Nikifika bila taa, hii ndiyo kazi yangu ya kwanza na ya mwisho."

"Basi acha," akasema Nyirakamana. "Usipoteze kazi kwa ajili yangu."

"Nyirakamana!" Bizimana aliita kutoka barabarani. "Imezimwa. Twende."

"Nakuja, yaya."

Alikuwa ameshageuka. Alikuwa ametoa neno, na neno alilotoa lilikuwa hilo: ikizimwa tu. Alipiga hatua nne, tano. Ndipo nyuma yake mashine ikaanza kunguruma tena, na kitambaa kilichokuwa bado hakijakunjwa kikajaa mwanga.

"Haijazimwa!" Eugène alipaza sauti kuelekea barabarani. "Bwana, uniwie radhi, haijazimwa bado!"

Nyirakamana akarudi akaketi mahali pake, kwenye majani yaliyolowa. Mzee wa mwavuli alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha nguo, mwavuli umefungwa, maji ya mvua ya uongo yakimtiririka. Mshonaji akainua macho kutoka kwenye sindano. Mzee akafungua mdomo. Na Eugène, bila kipaza sauti, akasema polepole, kila neno likikaa kwenye midomo ile kama limezaliwa hapo:

"Ukinitazama hivi, ninasahau barabara ya Uvira. Nimepita miji mingi nikiwasemea watu wengine. Haya ni yangu..."

Ndani ya mashine kitu kikalia pwa! kama kuni mbichi. Kitambaa kikawa cheusi. Mzee, mshonaji, sindano, vyote vikamezwa na giza.

Filamu iliendelea kuzunguka bila mwanga, tak-tak-tak, mpaka Eugène akaisimamisha kwa mkono.

"Imekufa," akasema kwa sauti ndogo. Ilikuwa sauti ya mtu aliyeiona kesho yake.

Hatua nzito zikaja kwenye majani. Bizimana alitokea na kandili, uso ameupindisha upande asije akaona kitambaa, ingawa sasa hakikuwa na kitu cha kuonekana.

"Sasa imezimwa," akasema.

"Ndiyo, yaya." Nyirakamana akasimama. "Twende."

"Bwana," akasema Eugène, "imebaki mistari minne. Nilimuahidi muntu."

"Muntu gani?"

"Ule alikuwaka anasema hapa. Hawezi tena kusema. Walimpasua koo."

Bizimana akamgeukia dada yake, akasoma usoni mwake kwamba ni kweli. Kandili ilikuwa ikilia kwa matone ya mvua.

"Na hii taa yako ilikufa kwa sababu hiyo?"

"Ndiyo."

"Watakufukuza?"

"Nadhani kesho."

"Na bado unataka kusoma."

"Nilimuahidi kwamba huyu dada atasikia mpaka mwisho, bwana. Hiyo tu ndiyo imebaki."

Kule juu mlimani walikuwa wakimngoja Bizimana na jibu. Baba yake alikuwa ametoa neno lake mbele ya watu, na yeye, mtoto wa kwanza, ndiye aliyepeleka salamu. Akasogea karibu na Eugène. Akainua kandili juu ya kaye, akaikinga na mvua kwa kofia yake mwenyewe.

"Soma," akasema.

Eugène akasoma. Hakuitetemesha sauti mahali popote.

"Haya ni yangu. Sauti yangu imekwisha. Hii unayosikia nimeiazima kwa rafiki. Usije kwa kunihurumia, maana huruma sitaweza kuijibu. Lakini kama utakuja, njoo ukae karibu sana, kwa sababu sitaweza kukuita."

Mkono wa Bizimana ulikuwa umeanza kuchoka, na maji yakimwingia kwenye mkono wa shati. Hakuishusha kandili mpaka kaye ilipofungwa, na hata hapo hakusema tena "twende".